Jinsi ya Kufundisha Falsafa ya Awali ya Ufeministi Bila Kuigeuza Orodha ya Mashujaa

Vitabu vingi vya shule hulimaliza somo hili kwa ukurasa mmoja: picha ya Mary Wollstonecraft, Mwingereza aliyeandika kitabu cha kutetea haki za mwanamke, mwaka 1792, kisha mstari unaoruka moja kwa moja hadi haki ya kupiga kura. Mwanafunzi akifunga kitabu anajua kwamba zamani wanawake walinyimwa haki, halafu wakatokea mashujaa wakazidai. Walinyimwa nini hasa? Kwa hoja gani? Na hao mashujaa walikuwa wakimjibu nani? Hapo kimya. Amekariri majina, lakini falsafa hajaigusa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, uraia, fasihi au falsafa mwenye wanafunzi wa miaka 15 na kuendelea, na ana vipindi sita hadi vinane. Kama una vipindi viwili tu, fanya hatua ya pili na ya nne. Nyingine ziache bila kujilaumu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Kishawishi cha kwanza ni kutaka kupita kote: Ugiriki ya kale, zama za kati, Mapinduzi ya Ufaransa, harakati za kura. Ukifanya hivyo kila mwandishi atapata dakika kumi na hakuna atakayeeleweka. Tafuta swali moja litakalobeba vipindi vyote.

Ninalolipendelea mimi ni hili: je, akili ina jinsia? François Poulain de la Barre, Mfaransa, alijibu mwaka 1673 kwamba haina. Alichukua njia ya Descartes, mwanafalsafa Mfaransa mwenzake, ya kutilia shaka kila jambo linalokubaliwa kwa mazoea tu, akaielekeza kwenye imani ambayo karibu kila mtu aliiona haihitaji ushahidi, yaani kwamba wanaume ni bora kuliko wanawake. Alikuwa mwanamume. Wataje watu wa namna yake mapema, ili wavulana darasani wasidhani wamealikwa kuja kushtakiwa.

Kwa darasa la uraia swali la Mary Astell, mwandishi Mwingereza, linafaa zaidi. Katika dibaji aliyoiongeza mwaka 1706 kwenye kitabu chake kuhusu ndoa, aliuliza: ikiwa wanaume wote huzaliwa huru, imekuwaje wanawake wote wazaliwe watumwa? Waingereza wa wakati wake walikuwa wamemng'oa mfalme mmoja kwa madai kwamba hakuna mwenye haki ya kutawala bila mipaka. Astell akauliza kwa nini utawala huo huo, uliokataliwa katika nchi, unakubaliwa ndani ya nyumba. Na hapa kuna jambo la kuwachokoza wanafunzi: Astell mwenyewe alikuwa mhafidhina, mtiifu kwa kiti cha enzi na kwa kanisa. Si kila aliyewatetea wanawake alitaka kupindua kila kitu.

Andika swali ubaoni. Kila mwanafunzi aandike jibu lake kwa sentensi mbili au tatu kwenye karatasi isiyo na jina. Zikusanye. Utazitumia hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Anza na sheria, si na hisia

Ukiwauliza wanafunzi wanawake wa zamani walifanya kazi gani, jibu litakuwa moja: walikaa nyumbani. Jibu hilo si sahihi, na likiachwa litaharibu kila kitakachofuata, kwa sababu madai ya wanafalsafa hawa yataonekana kama maombi ya kuruhusiwa kutoka nje. Wanawake walikuwa nje siku zote. Walilima, wakavuna, wakazalisha watoto wa wenzao, wakapika pombe ya kuuza, wakasokota sufu iliyovalisha miji mizima. Mjini Paris, kitabu cha kanuni za vyama vya mafundi kilichoandikwa karibu na mwaka 1268 kinataja vyama kadhaa vya wanawake watupu, hasa wasokotaji wa hariri, vyenye kanuni zao za uanagenzi. Uingereza, wajane waliendesha karakana za uchapaji walizoachiwa na waume zao.

Kwa hiyo swali zuri ni hili: kazi waliifanya, mapato yalikuwa ya nani? Hapo ndipo sheria inapoingia, na ndipo darasa linapochangamka.

Tengeneza zoezi la mwanamke mmoja katika hali tatu. Mtoe Uingereza ya karne ya 18. Ni mshonaji nguo, ana akiba ya fedha taslimu, samani, na kipande cha shamba alichorithi kwa baba yake. Hali ya kwanza: hajaolewa. Ya pili: ameolewa. Ya tatu: ni mjane. Gawa darasa katika vikundi vitatu, kila kikundi kipewe hali moja na maswali yale yale. Je, anaweza kusaini mkataba kwa jina lake? Mshahara wa kushona ni wa nani? Anaweza kuliuza shamba? Anaweza kumshtaki mteja asiyelipa? Watoto ni wa nani wazazi wakitengana?

Waache wakisie kwanza, kisha wape majibu. Asiyeolewa anasaini, anamiliki, anashtaki. Akiolewa, fedha na samani vinakuwa vya mume. Mshahara wake ni wa mume. Shamba linasimamiwa na mume naye huchukua mapato yake, ingawa hawezi kuliuza moja kwa moja bila ridhaa ya mke. Kesi haiendi mahakamani bila mume. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza mwaka 1765, aliliweka wazi: kwa ndoa, mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na uwepo wa kisheria wa mwanamke husitishwa muda wote wa ndoa. Mume akifa, uwepo huo unarudi, na mjane hupata kwa kawaida haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya marehemu maisha yake yote.

Acha wanafunzi watazame safu tatu ubaoni wenyewe. Kuna mmoja atakayesema: basi tatizo halikuwa kuwa mwanamke, lilikuwa kuolewa. Usimkatize. Ni nusu ya ukweli, na nusu nyingine wataipata wakiulizwa kwa nini wengi waliolewa hata hivyo: vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa kwao, uwakili na uchungaji hali kadhalika, na malipo ya kushona hayakumtosha mtu kuishi peke yake.

Ongeza tarehe chache tu, zile zinazoonyesha mwendo ulivyokuwa wa kusuasua. Mwaka 1839, baada ya Caroline Norton kunyang'anywa wanawe na mumewe na kupiga kelele hadi bungeni, mama wa Uingereza alipata haki ya kuiomba mahakama impe malezi ya watoto wa chini ya miaka saba. Mshahara wa mke ulianza kuwa wake mwaka 1870, na mali yake kwa upana zaidi mwaka 1882. Ufaransa ilienda kinyumenyume: baada ya mapinduzi yaliyotangaza usawa, sheria ya kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804 iliandika kwamba mume anadaiwa kumlinda mke, na mke anadaiwa kumtii mume. Kuhusu kura, New Zealand 1893 na Uswisi 1971 zinatosha. Wanafunzi wakiiona Uswisi huacha kudhani kwamba historia hupanda ngazi moja moja kila mahali.

Hatua ya 3: Msome mpinzani kwanza

Walimu wengi huiruka hatua hii kwa woga, na nadhani wanakosea. Huwezi kuelewa jibu bila kusikia swali. Tena wapinzani wenyewe hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye akili nyingi, na hilo ndilo linalofaa kumsumbua mwanafunzi.

Chukua watatu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha kwanza cha Siasa yake, anasema mwanamke anao uwezo wa kutafakari na kuamua, ila uwezo huo hauna mamlaka. Sentensi fupi sana. Waulize wanafunzi: hauna mamlaka kwa sababu ya maumbile yake, au kwa sababu hakuna anayemsikiliza? Aristotle alikuwa akieleza jambo la asili au alikuwa akiuchora mji wa Athens jinsi alivyoukuta? Swali hilo peke yake linaweza kula nusu kipindi.

Wa pili, Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18. Katika sehemu ya tano ya Émile, kitabu chake kuhusu malezi cha mwaka 1762, baada ya kurasa nyingi za kumlea mvulana awe huru na ajifikirie mwenyewe, anamgeukia msichana, Sophie, na kusema elimu yote ya wanawake lazima imhusu mwanamume: kumpendeza, kumfaa, kumlea akiwa mdogo, kumtunza akiwa mkubwa. Ni mwandishi yule yule aliyesema mwanadamu huzaliwa huru.

Wa tatu, Plato, mwalimu wa Aristotle, anavuruga picha, na ndiyo sababu namleta. Katika kitabu cha tano cha Jamhuri anakubali kwamba wanawake wanaweza kuwa walinzi wa dola na kupewa elimu ile ile. Hoja yake inachekesha na ni kali. Mtu akisema wanawake ni tofauti na wanaume, kwa hiyo wasifanye kazi zile zile, muulize ni tofauti katika jambo gani. Wenye upara na wenye nywele ni tofauti pia. Je, wenye upara wakiwa washona viatu, wenye nywele wakatazwe kushona? Tofauti inayohusika ni ile inayoigusa kazi yenyewe. Kisha Plato huyo huyo anaongeza kwamba kwa jumla wanawake ni dhaifu zaidi katika kila kitu. Waache wanafunzi wapambane na mtu aliyetoa hoja nzuri na dai baya katika ukurasa ule ule.

Sasa toa zile karatasi za kipindi cha kwanza. Soma tano au sita bila kutaja mwandiko wa nani, na darasa liseme kila moja iko karibu na nani: Aristotle, Rousseau, Plato au Poulain. Watastaajabu kukuta fikra za miaka 2,300 iliyopita zimeandikwa juzi na mtu aliyeketi dawati la tatu. Zile zenye matusi ziondoe mapema. Huhitaji kuzisoma kwa sauti ili kuthibitisha chochote.

Hatua ya 4: Soma kidogo, kwa jicho la karibu

Matini mbili zinatosha. Ukurasa mmoja kwa kila moja.

Ya kwanza ni Tangazo la haki za mwanamke la Olympe de Gouges, mwandishi Mfaransa, la mwaka 1791. Alilijenga juu ya Tangazo la haki za binadamu na raia lililotolewa na wanamapinduzi wa Ufaransa mwaka 1789: vifungu 17 kwa vifungu 17, kila kimoja akikigeuza. Chapa safu mbili kwenye karatasi, 1789 kushoto, 1791 kulia, na usiweke vyote. Kifungu cha 10 na cha 11 vinatosha kabisa.

Kifungu cha 10 cha mwaka 1789 kinasema mtu asisumbuliwe kwa sababu ya maoni yake, hata ya dini, mradi kuyadhihirisha kusivuruge utulivu uliowekwa na sheria. De Gouges anaanza karibu hivyo hivyo, kisha anachomeka: mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongea, basi lazima awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Wape wanafunzi kalamu za rangi, wapigie mstari kila kilichoongezwa. Halafu uliza: hoja hii inasimama juu ya nguzo gani? Baada ya kuhangaika kidogo watafika: sheria inayomwona mwanamke kuwa mtu mzima inapomwadhibu haiwezi kumwona mtoto inapofika zamu ya kusema. Adhabu sawa, sauti sawa. Haikumhitaji de Gouges aseme wanawake ni wema, au ni wazazi, au ni wazuri. Ilimtosha kwamba wanahukumiwa.

Kifungu cha 11 ni cha uhuru wa kusema. Mwaka 1789 uhuru huo unatajwa kama moja ya haki za thamani kubwa kuliko zote, kwa maneno ya jumla. De Gouges anakishusha chini: uhuru huo ni wa thamani kwa mwanamke kwa sababu unamwezesha kusema wazi, mimi ni mama wa mtoto ambaye ni wako. Watoto darasani watacheka. Waache wacheke, kisha uliza kwa nini wanaume waliotunga tangazo la 1789 hawakufikiria mfano huo. Haki ni ile ile, maneno karibu ni yale yale, lakini mwenye kuihitaji amebadilika na matumizi yake yamebadilika naye.

Sahihisha kosa moja linalozunguka sana. De Gouges alikatwa kichwa tarehe 3 Novemba 1793, lakini hakuuawa kwa ajili ya tangazo hili. Alishtakiwa kwa bango lililotaka wananchi wapewe nafasi ya kuchagua aina ya serikali. Ukisema aliuawa kwa kudai haki za wanawake unapata hadithi nzuri na historia mbovu.

Matini ya pili ni kile kitabu cha Wollstonecraft cha mwaka 1792, na hapa usiwape kurasa za kusifu. Wape barua ya mwanzo wa kitabu aliyomwandikia Talleyrand, mwanasiasa wa Ufaransa. Mwaka 1791 Talleyrand alikuwa ametoa pendekezo la elimu ya taifa la Ufaransa ambalo lingewapeleka wasichana shule hadi miaka minane tu, kisha warudi nyumbani. Wollstonecraft anamwambia kwa heshima na bila huruma: mnasema mmejenga katiba juu ya akili, nani amemfanya mwanamume kuwa hakimu peke yake, ikiwa mwanamke naye amejaliwa akili?

Kazi ya vikundi ni kuiandika hoja yake kwa hatua zenye namba. Nitatoa mfano wa kiwango ninachokitarajia:

1. Wema wa kweli hutoka kwenye akili inayojua sababu, hautoki kwenye utii.
2. Akili isiyofunzwa haikui.
3. Wanawake wanafundishwa kupendeza, hawafundishwi kufikiri.
4. Kwa hiyo udhaifu mnaowalaumu nao mmewatengenezea ninyi.
5. Kwa hiyo, mkitaka raia wema na mama wema, wafundisheni.

Namba 4 ya hoja hii ndiyo moyo wa kitabu kizima. Rousseau aliona tabia fulani kwa wanawake wa tabaka lake akaiita maumbile. Wollstonecraft anaiita matokeo ya malezi. Msimamishe mwanafunzi aeleze tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kusonga mbele. Asipoweza, rudia. Ratiba isubiri.

Kisha igeukie namba 5. Je, kusema wanawake wasomeshwe ili wawe mama bora ni hoja inayowakomboa au inayowafunga upya? Gawa darasa pande mbili kwa kura ya bahati nasibu, si kwa hiari. Kuna wasomi wanaoona Wollstonecraft alikuwa akizungumza lugha ambayo wanaume wa bunge wangeielewa, na kuna wanaoona aliamini kwa dhati. Ushahidi upo kwa pande zote mbili, ndiyo maana mjadala huu haukauki.

Hatua ya 5: Fundisha kumuuliza anayesimulia

Sauti nyingi za wanawake zimetufikia kupitia kalamu ya mtu mwingine. Mfano bora ni hotuba ya Sojourner Truth, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, aliyoitoa kwenye mkutano wa haki za wanawake, Mei 1851, mjini Akron, Ohio. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo tunategemea walioisikia. Marius Robinson aliichapisha gazetini mwezi uliofuata. Miaka 12 baadaye, mwaka 1863, Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule, akatoa nakala yake, na hii ndiyo iliyoshinda: ndiyo yenye lile swali linalojirudia, je, mimi si mwanamke?

Katika nakala ya Robinson swali hilo linalojirudia halimo. Kuna mwanamke anayesema ana misuli kama mwanamume yeyote, amelima, amevuna, amekata kuni. Nakala ya Gage inampa lafudhi ya watumwa wa majimbo ya kusini. Truth alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Gage anamfanya aseme amezaa watoto 13. Wanaojulikana ni watano.

Weka nakala mbili mezani. Wanafunzi waorodheshe yaliyokubaliana na yaliyotofautiana, waseme ni ipi wanaiamini zaidi na kwa nini, kisha waeleze kwa nini ile isiyoaminika ndiyo iliyopendwa. Msikimbilie kumlaani Gage. Ila mwanafunzi atakayetoka hapa hatanakili tena nukuu ya mtandaoni bila kuuliza imetoka wapi, na hilo pekee linatosha kuhalalisha kipindi.

Hatua ya 6: Toka Paris na London

Hapa chagua wawili, si zaidi, na usiwalete kama kiungo cha mapambo.

Sor Juana Inés de la Cruz, mtawa wa Mexico, aliandika utetezi wake mwaka 1691 baada ya askofu wa Puebla, aliyejificha nyuma ya jina la mtawa wa kike, kumtaka aache elimu za kidunia. Anajibu kwamba hata walipomnyima vitabu alijifunza kwa kutazama vitu, jikoni pia, na anatania kwamba Aristotle angalipika, angaliandika mengi zaidi. Ni matini inayowapendeza wanafunzi kuliko zote ninazozijua katika somo hili.

Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme, anafaa kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 1643 alimwandikia Descartes akimuuliza nafsi isiyo na mwili inawezaje kuusukuma mwili. Descartes alihangaika na swali hilo, na wanafalsafa bado wanahangaika nalo. Barua zile hazidai haki za wanawake hata kidogo. Ndiyo maana anahitajika: bila mtu kama yeye, darasa litadhani kazi ya mwanamke katika falsafa ni kujizungumzia.

Nana Asma'u wa Sokoto, katika Nigeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 1793, aliandika mashairi kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu, na akaunda mtandao wa wanawake walimu waliokwenda kuwafundisha wenzao majumbani. Na kwa wanaosoma Kiswahili, utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, aliomwandikia binti yake, ni mtihani mzuri kwa sababu unakataa kuingia kwenye boksi. Juu juu ni wosia wa utii: mume ni mmoja wa watano ambao radhi zao zinatafutwa, pamoja na Mungu, Mtume, baba na mama. Lakini mama huyo huyo anamwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Nani anamlea nani hapo? Wengine husoma utii, wengine husoma werevu wa mtu anayejua mamlaka yalipo na jinsi ya kuyazunguka. Usimfanye mfeministi kwa nguvu, wala usimtupe kwa kuwa si mfeministi.

Hatua ya 7: Waache wawakosoe

Mpango wa shule wa Wollstonecraft, sura ya 12, ni wa kijasiri: watoto wa miaka mitano hadi tisa, wavulana kwa wasichana, matajiri kwa maskini, shule moja, bila ada. Endelea aya chache. Baada ya miaka tisa, wanaotarajiwa kufanya kazi za ndani au za ufundi wanapelekwa shule nyingine, na mchana wasichana wao wanajifunza kushona. Usawa wa jinsia ulikuwa na mpaka wa tabaka. Tena yeye na wenzake walipenda kuuita unyonge wa wake "utumwa", wakati ambapo watu halisi walikuwa wakiuzwa. Muulize mwanafunzi kama mfano huo unaangaza au unafunika. De Gouges, kwa upande wake, alikuwa ameandika tamthilia dhidi ya utumwa kabla ya tangazo lake, kwa hiyo wote hawakuwa sawa katika hili.

Hatari ni darasa kuishia kuwahukumu wafu kwa furaha. Dawa ni kudai kila lawama ije na jina la mtu wa wakati ule ule aliyeona vizuri zaidi. Asipopatikana, lawama ipunguzwe sauti.

Mjadala ukichemka

Utachemka. Mambo machache yamethibitika kusaidia. Usimgeukie msichana ukamuuliza "ninyi wanawake mnaonaje". Anajibu kwa nafsi yake, hana ubalozi. Mvulana anayesema mambo haya yanawaonea wanaume, mpe kazi ya kutafuta hoja yake imo kwa mwandishi yupi kati ya mliowasoma. Mara nyingi atamkuta Rousseau, na mazungumzo yatarudi kwenye matini. Dini ikiingia, kumbuka kwamba Astell na Sor Juana walijenga hoja zao juu ya imani zao. Na mwanafunzi akianza kueleza ukatili wa nyumbani kwao, mjadala unasimama hapo. Unazungumza naye faragha baada ya kipindi na unafuata utaratibu wa shule wa kumlinda.

Tathmini

Acha maswali ya "eleza mchango wa". Yanazaa sifa. Jaribu haya: Andika jibu la Talleyrand kwa Wollstonecraft, lenye hoja mbili nzito kadiri uwezavyo. Au: chagua kifungu kimoja cha tangazo la 1789 ambacho hatukukisoma, ukigeuze kwa njia ya de Gouges, kisha eleza ulichoongeza na sababu. Au: tumia hoja ya Plato ya wenye upara kupima katazo moja lililowahi kuwekwa kwa wanawake kazini.

Katika kusahihisha, gawa alama hivi: nusu kwa kuieleza hoja ya mwandishi bila kuipotosha, robo kwa ushahidi wa tarehe na sheria, robo kwa msimamo wa mwanafunzi na namna anavyojibu pingamizi. Aliyemtetea Rousseau kwa hoja zilizoshikana anapata alama za juu kuliko aliyemsifu Wollstonecraft kurasa mbili bila kutaja hata dai lake moja.